Nilitangaza Matokeo Nyumbani, Sasa Binti Yangu Hasomi Tena

Mama Adolphine, wewe ambaye sauti yako inatoka kwenye redio ya mke wangu kila Jumamosi wakati mimi najifanya sisikilizi, nipokee leo kama unavyowapokea wanaume wenye wake wawili na wanawake wenye mawifi wakali, ijapokuwa shida yangu haina mke wa pili wala wifi, ina filimbi, na nikikueleza tangu mwanzo utacheka, cheka tu, mimi mwenyewe nilikuwa nacheka mpaka siku moja nikaacha. Naomba tu usinitaje jina hewani.

Ninakaa Kataki, hapa hapa Kalemie, nina mke na watoto watatu, Jovial, Ketsia na Élysée, na kazi yangu iko stesheni, na wewe ni mwenyeji, unajua treni yetu hufika inapojisikia, leo wanasema imetoka Kabalo, kesho wanasema imelala njiani, basi mimi ni mtu wa kofia na filimbi na kiti, nangoja kitu ambacho chenyewe hakina haraka, na nadhani ndiyo maana nilitaka nyumbani kwangu kuwe na angalau jambo moja linalofika kwa saa yake. Jambo lenyewe nilichagua liwe kusoma.

Mambo yalianza kwenye mkutano wa wazazi, mwanzoni mwa mwaka wa shule uliopita, direkta akasimama akatuambia wazazi wapendwa, kusoma si kwa darasani tu, fanyeni michezo ya kusoma nyumbani, mwaka mzima, familia nzima, kwa furaha. Wenzangu walipiga makofi wakaenda zao, mimi nikaandika. Sasa ona balaa la mtu mwenye nafasi nyingi kazini, nilipofika nyumbani lile neno michezo lilikuwa limeshaanguka njiani, na furaha nayo, nikabaki na mwaka mzima na familia nzima.

Na hapa ndipo ujinga wangu unapong'aa, Mama Adolphine, kwa sababu nyumbani hatukuwa na shida ya kusoma hata kidogo. Binti yangu wa katikati, Ketsia, ana miaka tisa, huyo tangu alipojua herufi alikuwa anasoma kila kitu kilichokaa mbele yake, gunia la unga, karatasi ya sabuni, majina ya maboti kule ufukoni, tangazo la mazishi ya watu tusiowajua, na hasa kanga, maana mke wangu anapenda kanga za Kigoma na wanawake wa mtaa wetu wote wanazivaa. Jumapili moja padri alinyamaza kidogo katikati ya mahubiri ili neno litukolee, na katika ukimya ule Ketsia akasoma kwa sauti safi maandishi yaliyokuwa kiunoni mwa mke wa katekista aliyesimama mbele yetu, "Usihesabu vyungu vyangu, chako kinavuja." Kanisa zima lilisikia. Mimi niliona haya, nikamfinya, kumbe yule mtoto alikuwa anafanya bure na kwa raha kile ambacho mimi baadaye nilikuja kukidai kwa nguvu.

Na kila jioni kabla ya chakula alikuwa anamsomea mama yangu mzazi. Mama yangu anaitwa Clémentine, ndiye aliyenisomesha, watoto wanamwita Nkambo, tulimtoa Moba macho yake yalipoanza kuingia ukungu, na kitu alichokishika mapajani njia nzima ndani ya boti ni kitabu chake cha zaburi na nyimbo, hakioni tena lakini anapenda kukishika. Ketsia alikuwa anakaa naye kwenye mkeka, anasoma, Nkambo anaitikia kwa yale anayoyakumbuka, wakifika kwenye wimbo wanaimba, wakikosea wanacheka, na mimi nilikuwa napita na bakuli langu la kunawia naona ni jambo la kawaida tu la nyumbani.

Basi nikatengeneza programu. Niliichora stesheni, wakati wa kungoja, kwa rula na kalamu za rangi mbili, wakati wa mvua tutasoma ndani, wakati wa kiangazi tutasoma nje, Krismasi tutasoma habari za malaika na wachungaji, Pasaka nyingine, likizo kubwa nyingine, nikaibandika ukutani juu ya redio, nikarudi nyuma hatua chache kuitazama na nikajiona mtu mkubwa sana. Halafu nikafikiria, programu bila ishara ni kama nini? Nikaleta filimbi.

Jioni ya kwanza nilipoipuliza, watoto walishtuka kidogo, lakini mtaa ulishtuka zaidi, kwa sababu Kataki filimbi ile maana yake ni moja tu, treni imeingia. Wamama wakabeba mabeseni ya mikate na ndizi wakakimbia stesheni, na jirani yangu Papa Edmond, ambaye alikuwa anangoja mzigo wake kutoka Kabalo tangu wiki nyingi, alitoka mbio, akaenda, akarudi, akasimama mlangoni kwangu anahema.

"Papa Jovial, treni iko wapi sasa? Nimevaa viatu bure!"

Nikamwambia ni kipindi cha kusoma. Tangu siku hiyo ananiita Mukurugenzi, na mimi kwa upumbavu nilidhani ananiheshimu.

Nisikuchoshe na mwaka mzima, lakini nikupe mifano uone mtu anavyoweza kuharibu vitu vizuri. Kiangazi niliwapeleka ufukoni kusoma majina ya maboti, jambo ambalo Ketsia alikuwa analifanya mwenyewe kila siku akienda kuchota maji, ila mimi nilitaka wayaandike kwa mwandiko mzuri, kila boti na mstari wake, na tulipokuwa bado tunasahihisha herufi kubwa za boti la kwanza, maboti mengine yalikwisha kuondoka. Siku nyingine nilisikia kwamba familia za kisasa zinasoma maelezo ya mapishi pamoja jikoni, nikamwandikia mke wangu maelezo ya kupika bukari, ugali wetu, na ndakala, wale dagaa wa ziwani, nikamsimamisha Jovial, mkubwa wetu, ana miaka kumi na minne, ayasome kwa sauti huku mama yake anafuata hatua kwa hatua, na mimi nikimkatiza kila alipoteleza, mpaka harufu ya kuungua ikajaa nyumba.

Mke wangu akainua mwiko. "Papa Jovial, bukari haisomewake! Bukari inasongwaka!"

Krismasi niliwagawia watoto maneno ya malaika na ya wachungaji wayasome, nikamsahihisha malaika vituo na mikato mpaka mchungaji akasinzia, mchungaji ni Élysée wetu, mdogo, ana miaka mitano. Nilijiambia samaki mkunje angali mbichi, nikaendelea kukunja.

Ketsia mara nyingi hakuja filimbi ilipolia. Nilikuwa najua yuko wapi, Mama Adolphine, sitakudanganya, alikuwa kwenye mkeka na Nkambo, nyuma ya nyumba, sauti yake naisikia, anasoma zaburi, lakini zaburi hazikuwa kwenye programu, kwa hiyo niliandika hayupo.

Sasa nifike mahali penyewe. Wewe unajua proclamation inavyokuwa shuleni kwetu, mwisho wa mwaka, wazazi wamevaa, watoto wamevaa, direkta anasoma jina na asilimia, mtoto aliyeitwa anakimbia mbele, watu wake wanamrukia na kumpaka poda nyeupe kichwa kizima, na yule ambaye jina lake halikuitwa anajua mwenyewe, hakuna mtu anayehitaji kumwambia. Mimi nikaona programu yangu nayo inastahili proclamation. Niliazima viti kanisani, nikaita majirani, nikanunua fanta, nikavaa kofia ya kazi. Ketsia alivaa gauni lake jeupe, mama yake alimsuka nywele kwa utepe, na asubuhi ile alinijia akaniuliza, "Papa, na miye utaniita?" Nikamwambia, utaona.

Utaona! Baba mzima.

Nikaanza. Nikamwita Jovial, amefaulu, makofi. Nikamwita Élysée, amefaulu vizuri sana, mtoto ambaye anashika kitabu juu chini, lakini filimbi ikilia anakuja mbio, makofi, vicheko. Kisha nikakunja karatasi. Nilitaka apate uchungu kidogo, aone umuhimu wa nidhamu, halafu mwaka ujao ajitahidi, ndivyo nilivyojiambia, na pengine nilitaka pia majirani waone kwamba mimi sipendelei. Mama yangu alikuwa amekaa mstari wa mbele, na mkononi alikuwa ameshika kopo la poda, nililiona wakati ule ule, alikuwa amelifungua tayari, na kwa kuwa haoni vizuri alikuwa anangoja kusikia tu.

Akasema mbele ya watu wote, "Symphorien, jina ingine haiko?"

Nikamwambia, yamekwisha, Mama.

Ketsia hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aliinuka, akaingia ndani, akavua gauni, akalikunja, akatoka na nguo za kila siku akaanza kuosha glasi za fanta za wageni. Jioni Nkambo alimwita kwenye mkeka kama kawaida, nikasikia yule mtoto anamjibu kwa adabu kabisa, "Nkambo, miye nilianguka. Muntu mwenye kuanguka hasomake."

Tangu hapo hasomi. Si gunia, si boti, si kanga, si tangazo. Mwaka mpya wa shule umeanza, mwalimu wake ananiambia anajua yote ila akiambiwa asome hafungui mdomo. Nilimnunulia kitabu kizuri chenye picha kwa mfanyabiashara wa Kigoma, akanishukuru, kesho yake nikakikuta kimefunika ndoo ya maji. Nilimpeleka sokoni, nikasimama naye makusudi mbele ya kanga zilizotundikwa, nikamwuliza, Ketsia, hii imeandikwa nini? Akanijibu bila hasira, "Papa, si wee unajua kusoma?" Mama yangu anakaa tu jioni na kitabu chake kimefungwa mapajani, anakipapasa jalada, na nyumba yangu ambayo nilitaka ijae kusoma imekuwa kimya kuliko stesheni.

Mke wangu anasema nimwombe mtoto msamaha, lakini Mama Adolphine, baba anaanzaje kumwomba msamaha mtoto wa miaka tisa, na wale majirani waliokunywa fanta yangu watasemaje? Mimi nimefikiria nimfanyie deuxième session, mtihani mdogo wa marudio, mwepesi kabisa, kisha proclamation nyingine ambayo ataitwa yeye peke yake, na poda nitanunua. Naomba uniambie kama wazo hili ni zuri, na pia unipe michezo ya kusoma ya familia, ya mwaka mzima, ile ya kweli aliyoisema direkta, maana hii yangu imemkosesha binti yangu kitu alichokuwa nacho.

Ni mimi, mwenye filimbi, Kataki.


MAMA ADOLPHINE ANAJIBU

Papa Symphorien, umeniomba nisikutaje, kisha katikati ya barua mama yako akakutaja yeye. Basi tusifichane. Kataki yote imeshakujua kwa filimbi.

Nimecheka, kweli. Kwa Papa Edmond na viatu vyake nimecheka hadi fundi wa mitambo amekuja kuniangalia. Nilipofika kwenye lile kopo la poda nimeweka barua chini, nikanywa maji, ndipo nikaendelea. Wewe ni mtu mwenye kipaji cha kujicheka, na nakuonya: kujicheka ni kuzuri, lakini kuna wanaume wanaojicheka ili wasiguswe. Umeniandikia kurasa nyingi za kuchekesha, na ndani yake nimetafuta mahali ulipomwambia Ketsia umekosa. Sijapaona.

Kwanza hiyo deuxième session yako: hapana. Ukijaribu nitakuja mwenyewe Kataki na mguu wangu huu mbovu. Mtoto hakuanguka mtihani, utampaje marudio? Mwaka mzima wewe ndiye uliyesikia sauti yake ikisoma nyuma ya nyumba na ukaandika hayupo. Umesema samaki mkunje angali mbichi. Kukunja, Papa, si kuvunja. Watu wanahangaika kumtafutia mtoto hamu ya kusoma hawaipati, wewe ulikuwa nayo imekaa kwenye mkeka wako, ukaiadhibu kwa sababu haikupita kwako kwanza.

Unauliza baba anaanzaje kuomba msamaha kwa mtoto. Anaanza kwa kukaa chini. Mngoje anapoosha vyombo, chukua kiti kifupi, ukae umtazame kutoka chini, umwambie: "Ketsia, wewe ulisoma mwaka mzima. Nilikusikia. Sikukuita, na nilikosa." Halafu unyamaze. Usiseme lakini. Usiseme nidhamu. Usimwulize kama sasa atasoma. Shika sahani mkononi umsaidie kuosha, kama unajua.

Halafu majirani. Ulimwaibisha mbele yao, kwa hiyo huwezi kumsafishia jina chumbani. Ila usipange viti tena, viti vyako tumevichoka. Nenda kwa miguu, nyumba moja moja, uwaambie ulimnyima mtoto jina lake kwa kiburi. Anza na Papa Edmond. Kwa namna ulivyonieleza habari zake, hata nyumba usizofika zitapata habari. Watakucheka siku mbili, na huo ndio uzito wa kofia uliyojivisha.

Filimbi irudi stesheni. Programu iondoke ukutani. Uiondoe wewe mwenyewe, mchana, watoto wakiona, wala usiwape hotuba.

Sasa michezo uliyoomba. Nitakupa, kwa kuwa familia nyingine zinasikiliza na hazina kosa. Kanuni ni moja tu, hakuna alama wala kusahihisha, na anayechoka anaenda zake.

Mvua inakuja, Papa. Ile ya kwetu ikipiga mabati, hakuna mtu anayemsikia mwenzake hata akipiga kelele. Kwangu tulikuwa tunafanya hivi: mvua ikianza, kuongea ni marufuku, kila mtu ana kipande cha chaki au kaa la moto lililozimika, na mlango wa ndani ndio karatasi. Unataka chumvi, andika. Unataka kumchokoza kaka yako, andika. Atakayefungua mdomo kwanza anaosha masufuria. Watoto wangu walikuwa wanaomba mvua isikatike, na mlango wetu ulikuwa mchafu kuliko milango yote ya Lubuye, na sijutii.

Nyinyi wa stesheni mna bahati nyingine, mna abiria. Ikikaribia Krismasi kila mtoto amwandikie ndugu wa Kabalo au Nyunzu, aandike anachotaka, hata malalamiko juu ya baba yake, na barua isisomwe na wewe. Mkabidhi msafiri. Treni ikichelewa haidhuru, mtoto anayengoja jibu amekwisha kuwa msomaji.

Kiangazi rudini ufukoni, mikono mitupu. Someni jina la boti, kisha kila mtu abuni ni nani aliyeliita hivyo na alikuwa amegombana na nani. Na kanga! Mwombe mke wako afungue sanduku lake Jumapili mchana, watoto wasome moja moja, yeye aeleze kila moja aliinunua akiwa anamfikiria nani. Zipo alizonunua akikufikiria wewe, Papa Symphorien, na baada ya mambo ya bukari sidhani zina sifa nyingi. Vumilia.

Likizo kubwa, Nkambo asimulie habari za Moba, za ujana wake, za milimani, na watoto waandike au wachore anayoyasema. Élysée anaweza kuchora hata akishika karatasi juu chini.

Lakini kwa Ketsia, hayo yote yasubiri. Usimkaribishe. Mchezo ukiletwa na wewe leo, yeye atasikia filimbi ndani yake.

Sasa nikuambie kitu kilichoniuma kuliko poda. Umenieleza kila mtu nyumbani kwako anasoma nini, anasomaje, anasimama wapi. Umeniambia mama yako anakaa jioni na kitabu kimefungwa mapajani, anakipapasa jalada. Umeniambia tangu proclamation yako yuko hivyo, na hiyo ni miezi. Na wewe mtoto wake, mwenye macho mazima, uliyesomeshwa na huyo huyo mama, ulipoona kitabu kimefungwa, ulichukua kalamu ukaniandikia mimi. Hakuna mahali katika kurasa zako ulipokaa kwenye ule mkeka. Hata kabla ya haya yote ulikuwa unapita na bakuli la kunawia.

Leo ukitoka kazini, nawa, nenda nyuma ya nyumba, kaa chini karibu na mama yako, mwombe kitabu. Usipige kelele ili watu wasikie. Msomee. Utasoma vibaya, nakuhakikishia, utasoma zaburi kama mtu anayetangaza treni, na nyimbo utazipotosha, na mama yako atakukosoa kwa sababu anazijua kwa moyo. Kubali kukosolewa. Kesho rudi, na kesho kutwa rudi, hata kama treni imeingia siku hiyo na umechoka. Ukisikia kutoka jikoni sauti ndogo inakusahihisha mstari, usigeuke, usimsifu, usimwite mama yake aje aone. Rekebisha mstari, uendelee.

Na kama Ketsia atakawia, au hatakuja kabisa, usifunge kitabu. Mama yako alikuja Kalemie kuishi kwa mwanawe, na mpaka leo ni mjukuu tu aliyewahi kumsomea.